Kopo Ambalo Sikulinusa

Karibuni, vijana wa chuo cha maabara, kaeni, jamvi linatosha. Ila leo msinionyeshe tena ile video ya mkasi. Mmeshanionyesha mara tatu na nimeielewa. Ndani ya seli kuna uzi, kwenye uzi kuna herufi iliyokosewa, kimkasi kisichoonekana kinaingia, kinakata, herufi inarekebishwa, na mtoto aliyekuwa analia mifupa anatoka mbio kwenda kucheza mpira. Mkifika hapo mnapiga makofi. Halafu mnanigeukia mimi mstaafu: "Mama Skola, mbona hufurahi?"

Nafurahi. Ila mimi ni mtu wa wasiwasi tangu usichana. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikiweka chungu jikoni, nikiwa kanisani namuuliza Mungu kama nimeupunguza moto. Marehemu mume wangu alinicheka sana kwa hilo. Lakini wasiwasi huo ndio ulionilisha, maana kazi ya maabara ni kuwa na wasiwasi kwa niaba ya watu wengine. Siku moja tu niliuweka kando, na nyumba ya watu ikabomoka. Nawasimulia hiyo kwanza, mkasi tutaurudia.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda bado iko chini ya Mkoa wa Rukwa, na vitu vyetu vya maabara vilikuja kwa treni kutoka Tabora, vikija. Kituo cha afya nilichofanyia kazi sitakitaja jina, kwa sababu kosa lilikuwa la mkono wangu, si la jengo. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mashariki, na darubini ya jicho moja yenye kioo chini yake. Umeme haukuwepo. Unageuza kioo, unakamata jua, ndipo unaona vijidudu. Wingu likipita, unabaki unatazama giza. Niliwahi kumwambia mzee mmoja asubiri majibu yake hadi mawingu yaondoke, akaenda kijijini kutangaza kwamba siku hizi hospitali inapiga ramli ya mvua.

Mkuu wangu aliitwa Mzee Kapele. Mfipa mfupi, sweta mwilini hata mwezi wa kumi jua linapochoma, na pua ambayo sijaona mfano wake. Siku yangu ya kwanza alinipangia makopo sita yaliyofutika maandishi akasema, "Binti, yataje." Nikatafuta lebo, nikageuza makopo juu chini. Akaniambia, "Una pua ya nini, ya kubebea miwani?" Tangu siku hiyo nilinusa kila kitu. Hata harusini nilijikuta nanusa soda kabla ya kunywa.

Kulikuwa na unga mmoja mweupe tulioutumia kupima selimundu. Jina lake refu nyinyi mnalijua, sisi tuliuita salfaiti tu. Unakoroga kidogo kwenye maji asubuhi hiyohiyo, si ya jana, unachanganya na tone la damu juu ya kioo, unafunika, unaziba kingo kwa nta ya mshumaa ili hewa isiingie, halafu unangoja. Damu ikikosa hewa, seli za mwenye mbegu ya ugonjwa zinajikunja na kuwa na umbo la mundu wa kukatia nyasi. Za asiye nayo zinabaki duara. Mzee Kapele alinifundisha mambo matatu. La kwanza, nusa. "Unga huu ukiwa hai unakupiga puani kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Usipokupiga umekufa, utupe, wala usiufanyie matanga." La pili, ngoja. Tazama baada ya nusu saa, tazama tena baada ya saa mbili, na kama bado huna hakika, tazama kesho yake. La tatu ni kontroli: kando ya damu ya mgonjwa weka damu unayojua ina mundu, ujue kama dawa yako inafanya kazi.

Sasa damu hiyo ya kontroli tungeitoa wapi? Nyinyi mnaletewa kwenye vichupa. Sisi kontroli yetu ilikuwa kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto. Chuoni tulijifunza kwa kupimana wenyewe kwa wenyewe, nikakutwa nina mbegu moja. Mwenye moja haumwi; mimi hapa nina miaka sitini na naruka mifereji. Basi kila alipokuja mgonjwa wa kupimwa mundu nilichoma kidole chake, halafu changu. Mzee Kapele alinitania, "Wewe ndiye kifaa pekee cha maabara hii kinachojaza maji ya kunawa." Ncha ya kidole iliota sugu. Shikeni mwone, ipo mpaka leo.

Kilichonifanya niache kukichoma ni posa. Mwalimu mmoja aitwaye Festo, kijana mtanashati wa Mpanda mjini, alipeleka barua kwetu, na barua ikapokelewa. Mama yake alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza ukoo wetu una vichaa wangapi, kuna kifafa, kuna waliokufa wadogo. Muuguzi mmoja pale kituoni alikuwa jirani yake, na siku moja aliniona najichoma. "Dada Skola, na wewe unaumwa?" Nikamwambia ni utaratibu tu wa kazi. Lakini moyo ulinidunda. Nilijua ukisema una mbegu ya mundu, mtu haulizi kama ni moja au mbili. Anasikia tu kwamba damu yako ni mbovu. Basi tangu siku hiyo nikawa naangalia mlangoni kwanza, na mlango ukiwa na mtu, kidole changu nakiacha.

Wakati huohuo walikuja wale watu wa milima ya Mwese. Baba aliitwa Minani, mkulima wa maharage, mzaliwa wa Burundi aliyekulia huku. Mkewe Konsolata, mwanamke mrefu mkimya. Mtoto wao Domitila alikuwa na miaka minne. Alikuwa amevimba viganja na nyayo, macho ya njano, na alilia kwa sauti ndogo ya mtu aliyekwishachoka kulia. Mzee Kapele mwenyewe ndiye aliyempima yeye na mama yake. Wote wawili mundu ulionekana, na wa mtoto ulionekana hata kabla ya dawa. Daktari akasema baba naye apimwe, wajue hatari ya watoto watakaofuata. Minani alikuwa amerudi shamba, akaahidi kuja.

Alikuja baada ya wiki kadhaa, masika yamechachamaa. Mzee Kapele alikuwa amepanda treni kwenda Tabora kufuata vifaa. Nilikuwa bosi. Nyinyi mnajua raha ya kubaki bosi? Nilivaa hata ile miwani yake ya akiba.

Nilimchoma Minani kidole, nikatayarisha kioo chake, nikaziba. Mlangoni alisimama yule muuguzi akisubiri majibu ya mkojo. Kidole changu nikakiacha mfukoni. Kopo la salfaiti sikulinusa, kwa sababu lilikuwa kopo letu lilelile tunalolijua. Nilichosahau ni kwamba aliyelifunga mara ya mwisho ni mimi, nikaacha mfuniko umekaa upande, na mvua ilikuwa ikinyesha kila siku. Unga ulikuwa umeganda vibonge. Nilivivunja kwa kijiko nikaendelea.

Tulipokuwa tunangoja nikaamua kumfundisha. Nilikuwa na kikopo cha maharage mezani, meupe na mekundu. Nikamwekea mawili mkononi kama yake, mawili mezani kama ya mkewe. "Kila mtu ana mbegu mbili, baba Domitila. Moja anampa mtoto. Nyekundu ndiyo ya mundu. Mtoto akipata nyekundu moja, haumwi. Akipata nyekundu mbili, anaumwa kama Domitila."

Minani alikuwa na akili. Aliyahamisha maharage taratibu, akayapanga. "Kwa hiyo mtoto mwenye nyekundu mbili, moja imetoka kwa mama, na moja lazima itoke kwangu."

"Lazima," nikasema. Nikagonga na meza.

Neno hilo limenifuata miaka yote. Baada ya nusu saa nilikamata jua, nikatazama. Duara, duara, duara kila upande. Nilitakiwa kungoja tena, lakini gari la kwenda milimani lilikuwa linapiga honi barabarani na Minani alishasimama. Nikaandika "hasi", nikapiga mhuri.

"Maana yake sina," akasema.

"Huna."

Alitazama maharage yaliyobaki mezani kwa muda. Akaikunja karatasi mara nne, akaniambia, "Asante, daktari," akaondoka. Nami nikaenda kunywa chai.

Wiki kama mbili baadaye, mhudumu wa zahanati ya huko Mwese alikuja kuchukua chanjo akatuletea umbea. Minani amemfukuza mke. Amemwambia achukue mtoto wake ampeleke kwa baba yake. Konsolata ameteremka na mtoto mgongoni hadi Ikola, ziwani, kwa shangazi yake anayeanika dagaa. Wauguzi wakaguna. Mimi nikakunja mikono kama jaji nikasema, "Mtamsikitikia bure. Maabara imeshasema." Nilisema hivyo. Ningeweza kuwaficha, lakini simulizi hii haina maana nikificha.

Kesho yake Mzee Kapele akarudi kutoka Tabora. Alikuwa na kopo jipya mkononi na redio yake ndogo kwapani, na habari ya siku hizo ilikuwa kondoo wa Ulaya aliyetengenezwa kutokana na seli ya kondoo mwingine, bila dume. Wauguzi walikuwa wanashangilia kama mnavyoshangilia nyinyi. Mmoja akasema, sasa watatengeneza na watu, watawatoa magonjwa yote kabla hawajazaliwa. Mzee Kapele alisikiliza, akasema tu, "Wametutangazia aliyezaliwa. Walioharibika njiani hawajawataja." Huku anasema, alikuwa anafungua kopo la zamani ili ahamishie unga. Akalipeleka puani. Akalirudisha mezani. Akalipeleka tena.

"Skola. Hii umempimia nani?"

Hakupandisha sauti. Nilifungua rejista, ingawa nilijua. Toka aondoke kulikuwa na jina moja tu.

Vijana, sijui kama mmewahi kuogopa hivyo. Nilikimbilia nje nikatapika nyuma ya jiko la kituo. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye stuli yangu. Nikamwambia yote, na kidole, na mama yake Festo, na maharage. Akafunga rejista, akasema, "Kufundisha kabla ya kusoma kioo. Hilo nilisahau kukukataza, kwa sababu sikujua kama kuna mtu angeweza kulifanya." Nikamwomba yeye ndiye aende Mwese. Akakataa. "Mhuri uliupiga wewe."

Bwana afya alinipeleka kwa pikipiki hadi barabara ilipokatika kwa mvua, iliyobaki nikapanda kwa miguu. Darubini nilikuwa nimeiviringisha kwa shuka, nikaibeba mgongoni kwa kitenge ili isitikisike. Njiani akina mama walinipisha. "Pole dada, ana miezi mingapi?" Nikawajibu, "Ni mzee kuliko mimi." Walicheka. Mimi nilikuwa nawaza mtoto mwenye mifupa ile, yuko kando ya ziwa kwenye upepo, hana dawa, na homa moja tu inatosha kumwondoa. Nilihesabu siku tangu afukuzwe. Nikizihesabu upya zinakuwa nyingi zaidi.

Nilimkuta Minani uani kwake. Kaka yake mkubwa alikuwepo, na majirani kadhaa, na katekista. Nilitamani kuongea naye faraghani. Lakini mke alifukuzwa hadharani, nikaona na hili haliwezi kusemwa kando.

"Baba Domitila, nimekuja kwa sababu nilikosea. Dawa niliyokupimia ilikuwa imekufa."

Kaka yake akasema, "Ametumwa na yule mwanamke."

Sikujibizana naye. Nikatoa makopo mawili, jipya na la zamani, nikampa Minani anuse. La zamani alinusa, akanusa tena, hakuna. Jipya lilimpiga, akapiga chafya hadi machozi. Nikawapitishia wote, hata katekista. Kisha nikaweka stuli juani nikapanga vioo viwili. Nikamchoma Minani. Halafu, mbele yao wote, nikachoma kidole changu.

"Na wewe kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu mimi nina mbegu hiyo. Tangu kuzaliwa. Yangu ikijikunja, mtajua dawa ni nzima. Siku ile niliona aibu kujichoma, ndiyo maana sikujua kama imekufa."

Nilimwona mama mmoja anamnong'oneza mwenzake. Nikajua habari itafika Mpanda kabla yangu, na ilifika.

Tukangoja. Safari hii sikufundisha kitu. Minani ndiye aliyeanza kusema. "Hiyo mbegu, haiwezi kutolewa?" Nikamweleza nilichosikia, kwamba wataalamu wa nje wanatafuta njia, huenda siku moja mtu atasahihishwa hata kabla ya kuzaliwa. Akageuza kidole alichochomwa, akakitazama.

"Nani atashika huo wembe?"

"Wataalamu."

"Mimi nililetwa huku mgongoni mwa shangazi," akasema. "Kule Burundi kuna watu walijiona wataalamu wa kusoma ukoo wa mtu usoni. Pua hii ibaki, pua hii iondoke. Pua ya baba yangu waliisoma vibaya, au waliisoma vizuri, sijui, wakamuua. Mkishajua kutoa mbegu ya ugonjwa, daktari, mtaacha hapo? Hamtatoa na pua?"

Niligeuza kioo cha darubini kufuata jua. Swali hilo ninalo hadi leo, ndiyo maana mnaniona nimenuna kwenye video zenu.

Baada ya nusu saa nilitazama kioo changu: mundu. Nikatazama chake, nikangoja hadi saa mbili zitimie kama nilivyofundishwa. Kisha nikamwita. Alifumba jicho moja, akainama. Nikamwonyesha changu kwanza, kisha chake. Akarudia changu, akarudia chake. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Zinafanana," akasema.

"Zinafanana."

Akampita kaka yake. Aliingia ndani akatoka na sweta la mtoto, la bluu, lililosahaulika au lililoachwa makusudi. "Twende Ikola," akasema.

Tuliteremka tukapata lori linalofuata dagaa. Njiani, mahali dereva aliposimama kuweka maji kwenye rejeta, mwanamke mwenye ungo wa samaki alituuliza tunakwenda kwa nani. Tulipomtajia shangazi yake Konsolata akasema, "Poleni. Si ndiko walikozika mtoto Jumapili, wale wa kutoka milimani?"

Minani hakuuliza mtoto yupi. Mimi pia sikuuliza. Alipanda lori akakaa juu ya magunia matupu, sweta limeshikwa kwa mikono miwili, na mimi nikakaa mbele yake na darubini mapajani. Hapo ndipo nilipoacha kusali kwa maneno. Nilikuwa nasema tu, yule, awe yule mwingine, awe yule mwingine. Tulipofika ufukweni tuliona dagaa wameanikwa mchangani, wanang'aa, na katikati yao mtoto mwembamba amekaa juu ya debe, ana fimbo, anafukuza ndege. Alikuwa Domitila. Aliyezikwa alikuwa mtoto wa watu wengine wa milimani waliokuja kuvua, na Mungu anisamehe, nilishukuru.

Konsolata alituona kwa mbali, hakuacha kugeuza dagaa. Minani alipiga magoti mchangani. "Mke wangu, nimekosa."

"Nani amekwambia kama umekosa?"

"Amenipima upya. Damu imeonyesha."

"Mimi nilikwambia bila damu," akasema. "Ukaniambia karatasi inajua zaidi. Basi rudi ukaishi na karatasi."

Domitila alikuwa ameshafika, ameshavaa sweta, amemshika baba yake shingoni. Mama yake hakumzuia. Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kopo, mfuniko, mvua. Hakuuliza hayo.

"Dada, siku ile ulipoona kwamba baba yake hana, wewe mwenyewe ulifikiri nini?"

Ningeweza kumwambia sikufikiri kitu. Wauguzi walikuwa mbali, hakuna ambaye angenisuta. Lakini nilikuwa nimesafiri mbali mno, na hata uongo mdogo nisingeweza kuubeba tena.

"Nilifikiri ulitoka nje ya ndoa."

"Kopo hukulifikiria?"

"Hapana. Sikulitilia shaka hata kidogo. Nilikutilia shaka wewe."

Akajifuta mikono kwenye kanga. Halafu akanisogezea ungo. Tukageuza dagaa pamoja, mimi na yeye, hadi upande wote ukaisha. Hakurudi na Minani siku hiyo. Alirudi milimani baada ya miezi, kwa masharti yake, na la kwanza lilikuwa kaka mkubwa aombe radhi mbele ya walewale waliokuwepo uani. Posa yangu akina Festo waliivunja wiki ileile ya safari, kwa heshima zote. Baadaye nikaolewa na dereva wa lori ambaye alikuja maabara mwenyewe, akanyoosha kidole akasema nimpime kwanza ndipo tuongee mengine. Nikamwachia Mzee Kapele ampime.

Sasa turudi kwenye mkasi. Sisemi msisome. Kama mgonjwa yuko mbele yenu, anaweza kukubali au kukataa, mkamrekebisha damu yake na ikaishia kwake, nitawabebea darubini mgongoni tena. Kinachoninyima raha ni yule ambaye hajazaliwa. Mkimkata yeye, mmekata na watoto wake na wajukuu wake, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Tena mbegu hii mnayoiita kosa, ikiwa moja inamkinga mtoto na malaria kali. Mimi nilizaliwa kando ya mto, kwenye mbu. Huenda nimeishi kwa sababu ya herufi hiyo iliyokosewa. Hayo tunayajua leo. Tusiyoyajua ni mangapi? Nikiwaza hivyo usingizi unaniruka, narudi kusukuma mlango.

Na zaidi ya hayo naogopa jambo moja dogo. Naogopa siku chombo chenu kitakapotoa jibu la ajabu, nanyi mtakuwa na haraka, gari linapiga honi, mtu mwenye cheo amesimama mlangoni. Mtamtilia shaka nani?

Domitila yupo. Ni mama mtu mzima, anauza vitenge hapa Mpanda sokoni, na maumivu bado yanamlaza wiki nzima yakiamua. Mwezi uliopita alikuja na simu, kumbe na yeye ana video yenu. Akakaa hapohapo mlipokaa.

"Mama Skola, wakija na hiyo tiba huku kwetu, niende?"

Nikamwambia aende. Nikamwambia na mimi nitakwenda naye, nikiwa hai, hata kwa mkongojo, na kabla hawajamgusa nitawaomba kopo lao nilinuse, halafu nitawauliza aliyelifunga mara ya mwisho ni nani.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuwa natania.